Mgeni Asiyeaga: Namna ya Kumtoa Windows wa Zamani Kwenye Diski ya Pili

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe akalime. Lakini mgeni ninayemzungumzia hapa aliingia nyumbani mwaka 2011, akajilaza kwenye diski ya pili ya kompyuta, na kila asubuhi alisimama mlangoni kuuliza: mnanitaka mimi au mnamtaka mwenzangu? Jembe halishiki. Haagi. Jina lake Windows 7. Microsoft wenyewe waliacha kumhudumia tarehe 14 Januari 2020, naye aliendelea kukalia diski nzima.

Mwongozo huu ni wa kumtoa. Nimeuandika Kilindoni, kisiwani Mafia, siku chache baada ya kumtoa mmoja kule Kirongwe, kwenye kompyuta ya dada yangu. Ni kompyuta ya mezani, kasha jeusi, iliyonunuliwa Kariakoo ikiwa imeshatumika. Aliyeinunua ni marehemu shemeji yangu, mwalimu wa madrasa. Alipofariki ilikaa mwaka mzima imefunikwa kanga. Kisha mpwa wangu akaipeleka Dar es Salaam. Fundi akaipachika diski mpya ya SSD ya GB 240, akapiga Windows 10, na ile diski ya zamani ya GB 500 akaiacha mlemle ndani na vyote vilivyokuwemo. Ikarudi kwa boti ya Nyamisati, imefungwa kwenye boksi la sabuni.

Tangu siku hiyo dada akiiwasha, skrini ya buluu inamletea majina mawili na kumhesabia sekunde 30 achague. Dada hasomi Kiingereza. Alichojifunza ni kuweka kidole juu ya kile kitufe kikubwa cha kulia, kungoja majina yatokee, kisha kubonyeza. Mjukuu wake akitangulia na kubonyeza mshale, kompyuta inaingia kwenye nyumba ya zamani, nyuso zote ni ngeni, na dada anaizima kwa kuchomoa waya ukutani.

"Mjomba, wewe ifomati tu," mpwa wangu aliniambia kwa simu. "Hakuna kitu mle."

Nilipata kuyaamini maneno hayo siku moja, na sitayaamini tena. Miaka michache nyuma, katika shule moja hapa kisiwani, nilichomoa diski ya pili ya kompyuta ya ofisi, nikaifuta kwenye mashine nyingine, nikairudisha nikiwa na uhakika kabisa kwamba haina kazi. Asubuhi kompyuta haikuwaka. Matokeo ya wanafunzi yalikuwa salama kwenye diski ya kwanza, ila hakuna aliyeweza kuyafikia kwa siku tisa, mpaka flashi yenye Windows ilipofika kutoka bara. Wazazi walikuja wakarudi, wengine kutoka Bweni. Nyuso zao ninazo mpaka leo.

Ukiharibu kompyuta ukiwa Dar es Salaam, unaipakia kwenye bajaji mpaka kwa fundi na jioni umerudi nayo. Ukiharibu ukiwa Mafia, unahesabu boti ya kwenda Nyamisati, gari la kwenda Dar es Salaam, usiku mmoja au miwili mjini, kisha safari ileile kinyumenyume. Kama ni msimu wa kusi, unavuka na mawimbi huku umekumbatia kasha. Ndege ni ya nusu saa tu, lakini nauli yake inakaribia kununua diski nyingine. Na kupakua Windows kwa bando ni zaidi ya GB 5. Umeme ukikatika katikati, unaanza kuomba Mungu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu ni ya kabla ya kufuta. Kufuta kwenyewe ni dakika chache.

Kwanza, mtafute bawabu.

Kila kompyuta ina bawabu. Kabla Windows hajaamka, kuna kijiprogramu kidogo kinachosimama mlangoni, kinachojua nyumba iko wapi na funguo ziko wapi. Hicho ndicho kinachomletea dada ile skrini ya majina mawili. Watu wengi wanadhani bawabu anaishi pamoja na Windows anayemfungulia. Si lazima. Fundi alipopiga Windows 10 huku diski zote mbili zimechomekwa, mfumo mpya ulimkuta bawabu wa zamani kazini. Haukuajiri mwingine. Ulimpa tu ufunguo wa nyumba mpya aushike pamoja na ule wa kale, na yeye akabaki kulala palepale kwenye diski ya zamani. Ukiifuta diski hiyo, umemfuta na bawabu. Nyumba mpya ipo, taa zote ziko sawa, na hakuna wa kufungua.

Sisi wa Mafia tunapaswa kulielewa jambo hili upesi kuliko wengine. Septemba 1914 manowari ya Wajerumani, Königsberg, iliizamisha Pegasus ya Waingereza pale Unguja, kisha ikajificha kwenye delta ya Rufiji, ng'ambo yetu hapa. Ilikuwa na mizinga mikubwa 10 na mabaharia wake. Lakini Waingereza waliishika midomo ya mto, na Januari 1915 wakaichukua Mafia yenyewe, wakaitumia kurushia ndege za kuichungulia. Tarehe 11 Julai 1915 ikaishia mlemle mtoni. Mizinga haikuifaa kitu, kwa kuwa mlango ulikuwa mikononi mwa wengine. Diski mpya yenye Windows mzima na bawabu aliye kwingine iko katika hali hiyohiyo.

Basi bonyeza kitufe chenye alama ya Windows pamoja na herufi R, andika diskmgmt.msc, bonyeza Enter. Utaletewa picha ya diski zako, moja juu ya nyingine, zikiwa zimegawanywa katika patisheni. Kwenye mabano ya kila patisheni tafuta maneno mawili: Boot na System. Hapa watu wengi hupotea, kwa sababu majina yamekaa kinyume na unavyotarajia. Penye Boot ndipo Windows unayoitumia sasa hivi ilipo. Penye System ndipo bawabu alipo. Maneno yote mawili yakiwa kwenye diski mpya, umepona. Kwa dada, Boot ilikuwa kwenye diski mpya, na System ilikuwa kwenye kipande cha MB 100 kule mwanzoni mwa diski ya zamani. Kipande kidogo hivyo, na ndicho kilichokuwa kinaiwasha kompyuta nzima.

Hata ukiona kwa macho, jaribu kwa mikono. Zima kompyuta huku umeshika Shift, ili izimike kweli na isisinzie. Chomoa waya wa ukutani, bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja umeme uliobaki uishe, fungua kasha. Diski ya zamani ina kebo mbili, nyembamba ya data na pana ya umeme. Chomoa zote mbili. Ukiwa umeshafungua, chukua brashi laini upanguse vumbi, na uangalie pini kama zimeanza kufanya kutu, maana hewa yetu ina chumvi na chumvi haibagui kati ya nanga na kompyuta. Sasa washa. Ikiwaka bila ile diski, bawabu yuko nyumbani kwake na unaweza kuendelea. Ikikuletea skrini nyeusi na maneno ya kwamba hakuna kifaa cha kuwashia, usishtuke. Hakuna kilichopotea. Zima, rudisha kebo zote mbili, na kila kitu kitarudi kama kilivyokuwa. Skrini hiyo imekwambia ukweli kabla hujaumia.

Ya dada ilileta skrini nyeusi.

Kumwajiri bawabu mpya si kazi ngumu, ila inataka usome kila herufi mara mbili. Kwanza jua kompyuta inawaka kwa mtindo gani: andika msinfo32 na usome mstari wa BIOS Mode. Kama ni Legacy, ambao ndio mtindo wa mashine nyingi za umri ule, fungua kile kidirisha cheusi cha amri kwa ruhusa ya msimamizi, andika diskpart, kisha select volume C, kisha active, kisha exit. Halafu andika mstari huu:

bcdboot C:\Windows /s C: /f BIOS

Kikijibu kwamba faili za kuwashia zimeundwa, bawabu mpya ameanza kazi kwenye diski mpya. Kama mtindo ni UEFI, usiandike active kabisa. Bawabu wa UEFI anataka chumba chake mwenyewe, patisheni ndogo ya aina ya EFI iliyofomatiwa FAT32. Ndani ya diskpart, ukiwa umechagua C, punguza kwa shrink desired=200, tengeneza chumba kwa create partition efi size=100, kifomati kwa format quick fs=fat32, kipe herufi kwa assign letter=S, toka, kisha andika bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI. Baada ya hapo rudia lile jaribio la kuchomoa diski. Rudia kwa mikono, hata kama una haraka, hata kama chakula kimeshapakuliwa. Mimi kwa dada nilirudia mara mbili. Mara ya pili ilikuwa ya kuwakumbuka wale wazazi.

Sasa mlango ni wako, na mgeni hana tena cha kukushikia. Hapo ndipo unapoweza kukaa naye chini na kumuuliza amebeba nini.

Rudisha kebo, washa, ingia kwenye diski ya zamani, fungua folda iitwayo Users. Kila aliyewahi kuitumia Windows ile ana folda yake hapo. Ukibonyeza, kompyuta itakwambia huna ruhusa. Bonyeza Continue na usubiri. Inaweza kuchukua muda, maana inabadilisha ruhusa za faili moja moja. Usiridhike na zile folda zinazojulikana za picha na hati. Watu huhifadhi vitu popote: juu ya meza ya kompyuta, ndani ya folda ya vilivyopakuliwa, ndani ya folda waliyoipa jina la "mpya". Panga orodha kwa tarehe, kisha kwa aina, na uangalie faili za sauti, picha na video hata kama majina yake ni namba tupu.

Kwa dada nilikuta folda tatu. Ya kwanza ilikuwa ya mtu wa Ulaya, mwenye kompyuta wa kwanza kabisa, kabla haijafika Kariakoo. Nilipofungua ikatokea picha ya mtoto mdogo kwenye theluji, na barua yenye anwani. Nikafunga. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, lakini hata kabla ya sheria mtoto wa watu ni mtoto wa watu. Nawaomba mafundi wote wanaouza kompyuta zilizotumika wazifute vizuri kabla hazijapanda boti, kwa sababu kinachoingia visiwani humu ni maisha ya watu wasiojua kwamba maisha yao yamesafiri.

Ya pili ilikuwa tupu. Ya tatu ilikuwa na jina la shemeji.

Hati zake zilikuwa chache: orodha za wanafunzi, barua ya kuomba mabati. Lakini kulikuwa na folda moja yenye faili 61 za sauti, zote za wma, zile zinazotengenezwa na kinasa sauti cha Windows 7 chenyewe. Majina yake yalikuwa tarehe. Nikafungua moja. Kwanza mvua juu ya bati. Kisha sauti ya shemeji, akiwatajia watoto herufi, alifu, be, te, na watoto wakimfuatiza kwa pamoja, mmoja akichelewa kidogo nyuma ya wenzake. Shemeji akakohoa, akacheka, akasema, "Haya, yule wa nyuma peke yake." Mtoto akasoma.

Dada alikuwa jikoni anakuna nazi. Mlio wa mbuzi ukakoma. Akaja akasimama mlangoni na mikono yake ya nazi, hakusema neno, nami sikuizima. Tulisikiliza mpaka mvua ya kwenye ile faili ikaisha.

Kwa hiyo hatua hii haina dakika maalum. Inachukua muda inaotaka. Nilinakili folda ile kwenye flashi mbili, moja akaiweka dada kwenye sanduku la nguo, nyingine niko nayo Kilindoni. Nikazihesabu faili kule na huku, 61 kwa 61, na nikafungua chache kutoka kwenye flashi kuhakikisha zinalia, kwa kuwa kunakili kulikokatizwa na umeme huacha faili zenye jina bila sauti. Siku ileile nilimtumia mpwa wangu tatu kwa simu. Hakujibu mpaka usiku.

Baada ya hapo kazi inakuwa nyepesi. Hakikisha kwenye mipangilio ya BIOS kwamba diski mpya ndiyo ya kwanza kuulizwa. Ukishaingia kwenye Windows mpya, andika msconfig, nenda kwenye ukurasa wa Boot, na ukiona jina la Windows ya zamani kwenye orodha, lichague na ubonyeze Delete. Hapo unafuta jina tu. Faili bado ziko palepale, usidhani umemaliza. Pengine jina hilo halitakuwepo kabisa, kwa sababu bawabu mpya huwa hamjui mgeni wa zamani, nayo ni habari njema.

Kisha rudi kwenye diskmgmt.msc. Usiende kuifuta folda ya Windows ya zamani kwa mkono, kipande kwa kipande. Itakugomea kwa ruhusa usizokuwa nazo, na utakachoambulia ni diski iliyojaa mabaki. Futa patisheni nzima. Lakini kabla ya kubonyeza, soma ukubwa wa diski kwa sauti, mtu mwingine akusikie: hii ni ya GB 500, ile ya GB 240 siigusi. Herufi zinadanganya, kwa sababu diski inayoitwa C ukiwa ndani ya Windows moja inaweza kuitwa D ukiwa ndani ya nyingine. Ukubwa haudanganyi. Kama bado unaona neno System kwenye patisheni unayotaka kuifuta, kompyuta itakukatalia, na ikikukatalia uishukuru, urudi kwa bawabu. Ikibaki patisheni ndogo ya kuponyea isiyofutika, diskpart itaiondoa kwa delete partition override, ukishahakikisha mara tatu umechagua diski gani.

Kisha tengeneza patisheni mpya mahali pake, na ukiulizwa kuhusu kufomati kwa haraka, toa ile alama ya tiki. Fomati ya haraka inafuta orodha tu, na mtu mwenye programu ya kufukua faili atazipata. Fomati kamili inaandika sifuri juu ya kila kitu, na kwa diski ya GB 500 ya aina ile inaweza kuchukua saa kadhaa, kwa hiyo ianze wakati umeme umetulia. Niliiacha ikienda usiku kucha. Nilitaka yule mtoto wa kwenye theluji afutike kweli.

Na kama mgeni wa diski ya pili ni Linux, tuseme Ubuntu, naomba ufikiri mara moja zaidi. Windows 10 naye aliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta za umri huu hazikubaliwi na Windows 11. Pengine huyo unayemwita mgeni ndiye atakayeiweka hai mashine yako kwa miaka mingine mitano, bila kununua kitu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki katika mradi wa Kilinux mwanzoni mwa miaka ya 2000, uliotuletea Jambo OpenOffice kwa Kiswahili, na dada yangu angenufaika zaidi na kompyuta inayomsemesha kwa lugha yake kuliko na skrini yoyote ya buluu. Ukiamua kumtoa hata hivyo, kanuni ni ileile: bawabu wake anaitwa GRUB. Mpe Windows ulinzi wa mlango kwanza, jaribu kwa kuchomoa, ndipo ufute. Ukitangulia kufuta, utaamkia neno grub rescue, na hapo safari ya Nyamisati imeshakuita.

Asubuhi fomati ilikuwa imekwisha. Diski ya zamani ilikuwa nyeupe, GB 465 za nafasi, ndivyo Windows inavyoihesabu diski ya GB 500. Nikairudishia folda moja tu, ile ya faili 61, nikaweka alama yake mbele kabisa kwenye skrini ili dada asihangaike kuitafuta. Kisha nikaizima na kumwita akae.

"Iwashe, dada."

Akaiwasha. Akanyoosha kidole juu ya kile kitufe kikubwa, akangoja majina mawili yatokee. Hayakutokea. Skrini ikafunguka yenyewe, na kidole cha dada kikabaki hewani.